Mama mchungaji aliyebaki na shule yake: Fanny Jackson Coppin (uzi mrefu, vuta kigoda)

#1 Kidumu_na_Fagio (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtoto wa mchungaji. Waliolelewa kwenye nyumba za usharika wananielewa: nyumba si yenu, viti si vyenu, na wakati mwingine hata mama si wenu peke yenu. Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, wale wanaofundisha watoto kushika penseli. Kila baba alipohamishwa, mama alianza upya kufukuzia uhamisho wake. Barua kwa afisa elimu, nauli ya kwenda wilayani, "njoo wiki ijayo mama". Uhamisho wa tatu, wazee wa usharika walimkalisha chini wakamwambia, kwa upole kabisa, kwamba mama mchungaji kazi yake ni kwaya, umoja wa wanawake na wageni. Akaacha kazi. Boksi la chaki lililobaki akalipeleka shule ya Jumapili.

Sitaji kanisa wala mkoa, wahusika wengi walishatangulia mbele za haki.

Sasa miezi michache iliyopita nikakutana na habari za mwanamke mmoja, Fanny Jackson Coppin. Nilianza kusoma saa tatu usiku, nikaja kushtuka jogoo anawika. Nimeona nilete hapa.

Anzia kwenye harusi. Desemba 1881, Mchungaji Levi Jenkins Coppin anamwoa Fanny. Huyu bwana ni wa kanisa la AME, kanisa la Wamethodisti weusi wa Marekani, lile lililoanzishwa na Richard Allen. Bwana harusi ana miaka 32. Bibi harusi ana 44, na tayari amekuwa mkuu wa shule kwa miaka 12.

Shule yenyewe ilikuwa Philadelphia, inaitwa Institute for Colored Youth. Mchungaji yeye alikuwa na kanisa Baltimore, kama kilomita 160 kutoka hapo. Sote tunajua kinachofuata kwa kawaida: mke anafunga mizigo.

Hakufunga. Mume alichunga kondoo zake Baltimore, mke akaendelea kupiga kengele ya shule Philadelphia. Ikaenda hivyo miaka kadhaa, mwishowe aliyehamia kwa mwenzake ni mchungaji.

Nakunywa chai kwanza, narudi.

#2 Nyundo_Moja

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, mke 44 mume 32? Huku kwetu baraza la wazee lingekaa kikao cha dharura.

#3 Bint_Korogwe

Na mfungo wa siku saba juu yake 😂 Mleta uzi tiririka.

#4 Mzee_wa_Baraza

Mnashangilia nini? Ndoa ya kuishi mikoa miwili ni ndoa gani? Mke wa mtumishi ni msaidizi wake. Kama alitaka shule angebaki na shule.

#5 Kidumu_na_Fagio

Mzee wangu, shikamoo. Nitafika hapo, ila nikuombe kwanza umfahamu alikotoka. Ukijua bei yake utaelewa kwa nini hakuwa tayari kuiacha ile shule kirahisi.

Nimesema bei kwa maana ya bei kweli. Fanny alizaliwa mtumwa, Washington, mwaka 1837. Babu yake alikuwa amejinunua mwenyewe, kisha akanunua uhuru wa watoto wake wanne. Lucy, mama yake Fanny, hakumnunua. Sababu? Lucy alikuwa amemzaa Fanny. Yaani katoto kalizaliwa, na kuzaliwa kwake kukamfungia mama yake mlango.

Aliyemkomboa ni ndugu wa mama yake, Sarah. Huyu mama alikuwa akifanya kazi kwa mshahara wa dola 6 kwa mwezi. Akadunduliza mpaka dola 125, akamnunua mtoto wa ndugu yake. Piga hesabu: huo ni mshahara mzima wa karibu miezi 21, bila kula, bila kununua hata sabuni. Sijui alichukua miaka mingapi kwa uhalisia. Fanny alikuwa na umri wa kama miaka 12. Baadaye sana, alipoandika kitabu chake, aliyemtabarukia ni huyo Sarah, na akataja zote mbili: zile dola 6 na zile dola 125.

Akapelekwa kwa ndugu New Bedford, kisha Newport, jimbo la Rhode Island, akafanya kazi za ndani kwa familia ya kina Calvert, watu wa ukoo mkubwa. Humo ndani alilipa mwalimu kwa hela yake ya mshahara, saa moja, siku moja anasoma siku moja hasomi, mchana akipata upenyo. Dada wa kazi anayelipa tuisheni yake mwenyewe. Hapo ni kabla ya 1860.

Akapita chuo cha ualimu cha jimbo, halafu 1860 akaingia Oberlin College, Ohio.

#6 Mtu_wa_Ngara

Nawasalimu kutoka Nairobi. Hiyo Oberlin ina hadithi yake. Jina limetoka kwa pasta mmoja wa Alsace, Ufaransa, Jean-Frédéric Oberlin, ambaye yeye na mke wake Madeleine-Salomé walishughulika sana na watoto wadogo wa vijijini kule milimani karne ya 18. Akina dada walikuwa wanakusanya watoto, wanawafundisha kufuma huku wanawasimulia mambo ya mimea na Biblia. Wengi husema hapo ndipo mbegu ya nursery ilipoota. Kwa hivyo mke wa pasta anaingia mara mbili kwa hii story.

#7 Kidumu_na_Fagio

Umenifurahisha mkuu, hilo la mke wake nilikuwa silijui.

Oberlin ilikuwa inapokea weusi tangu 1835, na wanawake tangu ilipoanza. Kulikuwa na kozi ya mabibi na kozi ya mabwana. Ya mabwana ndiyo yenye Kilatini, Kigiriki na hisabati ngumu. Fanny anasimulia kwamba wakuu wa chuo hawakumkataza mwanamke kuichukua, ila hawakumshauri. Nimeishi Tanzania vya kutosha kuijua hiyo lugha! Akaichukua ya mabwana.

Anasema kila aliposimama darasani kujibu alihisi amebeba heshima ya watu wote wa asili ya Afrika mabegani. Akikosea jibu, hakosei Fanny, wanakosea wote.

Chuo kilikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wazuri wa mwaka wa juu madarasa ya maandalizi wafundishe. Ilipofika zamu yake wakamwambia wazi: tunakupa darasa, lakini wanafunzi wakigoma kufundishwa na mtu mweusi hatutawalazimisha. Darasa likajaa mpaka ikabidi ligawanywe. Na usiku alikuwa na darasa lake jingine, la watu wazima waliotoka utumwani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, watu wanaotafuta kusoma Biblia kabla hawajafa.

Alihitimu 1865. Mwaka huohuo akaajiriwa Philadelphia.

#8 Bint_Korogwe

Nimekaa kwenye hiyo ya "hawakumkataza ila hawakumshauri". Mimi nilitaka PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano. Sitasema zaidi.

#9 Mwalimu_wa_Zamu

Mleta uzi, sisi walimu tunataka mambo ya darasani. Aliendeshaje shule? Mambo ya kuhitimu wengi wamehitimu.

#10 Kidumu_na_Fagio

Nakuja hapo mwalimu.

Ile shule ilitokana na wosia wa Richard Humphreys, Mquaker (Mkristo wa dhehebu la Marafiki) aliyeacha dola 10,000 kwa ajili ya elimu ya watu wa asili ya Afrika. Bodi ilikuwa ya Waquaker, walimu weusi. Na walimu walikuwa si mchezo. Mkuu wa shule alikuwa Ebenezer Bassett. Mwaka 1869 Rais Grant akamteua kuiwakilisha Marekani huko Haiti, Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa ubalozi. Ndipo Fanny akapewa kiti chake. Mwenzake kazini, Octavius Catto, ambaye alipigania weusi waruhusiwe kupanda mabasi ya farasi ya mjini, aliuawa kwa risasi mtaani siku ya uchaguzi, Oktoba 1871. Jaribu kuwaza wewe ni mkuu wa shule, una miaka miwili ofisini, kesho yake unaingia darasani kuwaambia watoto nini.

Kuanzia 1876 fizikia na kemia walifundishwa na Edward Bouchet, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa, alipatia Yale, fizikia. Hakuna chuo cha wazungu kilichomtaka. Kwa hiyo watoto wa wafua nguo na wapagazi wa Philadelphia wakafundishwa sayansi na daktari wa Yale.

Aliyoyafanya Fanny: alipigania ada ifutwe, ikafutwa. Alifuta viboko. Akafanya mitihani ya wazi, wazazi na wageni wanakaa wanasikiliza watoto wakijibu. Na aliwaandaa walimu. Shule nyingi za watoto weusi za eneo lile zilikuja kujaa wahitimu wake.

#11 Mwalimu_wa_Zamu

Hapo kwenye viboko tusidanganyane. Mimi nina watoto 112 darasa la tatu, mkondo mmoja. Aje huyo mama mchungaji nimkabidhi kwa wiki moja, halafu tuongee.

#12 Nyundo_Moja

Mwalimu, sheria yenyewe inasema kiboko anachapa mkuu wa shule au aliyepewa idhini, visizidi vinne na viandikwe kwenye daftari. Hilo daftari shuleni kwako lipo?

#13 Mwalimu_wa_Zamu

Daftari lipo. Kalamu ndiyo tatizo.

#14 Mtu_wa_Ngara

Huku Kenya tulipiga marufuku 2001 na shule bado ziko. Watoto hawakukula walimu.

#15 Kidumu_na_Fagio

Mwalimu, sikubishii hilo la 112, mama yangu alikuwa na zaidi ya 80. Ila angalia huyu mama alifuta viboko akiwafundisha watoto wa aina gani. Wazazi wa baadhi yao walichapwa mijeledi mashambani Kusini, kihalali, miaka michache tu nyuma. Mwenyewe alizaliwa mtumwa. Nadhani kiboko mkononi mwake kilikuwa na harufu ambayo mimi na wewe hatuisikii. Hayo ni maoni yangu, sikuyasoma popote.

Kuna sehemu katika mashauri yake kwa walimu anasema neno "mbumbumbu" lisitamkwe kamwe darasani, wala lisitoke neno la kumdharau mzazi au mlezi aliyejaribu kumsaidia mtoto nyumbani. Hilo la pili ndilo lililonigusa. Mzazi asiyejua kusoma amemsaidia mwanawe hesabu usiku kwa kibatari, amemkosesha, asubuhi mwalimu anasema "nani kakufundisha upuuzi huu?" Mtoto hatasahau mpaka anazeeka.

#16 Ngeli_ya_Nane

Naona uzi umepita barazani kwangu. Hayo mashauri yapo wapi mkuu, ni kitabu?

#17 Kidumu_na_Fagio

Kitabu, kilitoka 1913, mwaka aliofariki. Nusu ni kumbukumbu zake, nusu ni jinsi ya kufundisha kusoma, tahajia, jiografia, hesabu. Na wewe mtu wa sarufi kuna kitu chako humo.

Anasema elimu imezama kwenye tope la kauli ya kutendwa. Mary anakwenda shule *kuelimishwa*. Kaka yake John naye anakwenda *kuelimishwa*. Mtoto anakaa kama gunia, anasubiri kujazwa. Yeye akataka tangu siku ya kwanza akili na mikono ya mtoto ifanye kazi yenyewe.

#18 Ngeli_ya_Nane

Mkuu umenimaliza. Huyu alikuwa anaandika kwa Kiingereza lakini sisi ndio tuliotakiwa kuwa wanafunzi wake wa kwanza! Hebu sikilizeni tunavyoongea: "Nilisomeshwa na mjomba." "Nimesomeshwa hadi chuo kikuu." "Tunafundishwa." "Tulifaulishwa." Hata kufaulu hatufaulu, tunafaulishwa. Kiambishi -w- kimekaa katikati ya elimu yetu kama mlinzi wa geti.

Ila nimtetee kidogo aliyesomeshwa. "Nilisomeshwa na mjomba" ni shukrani pia. Kuna mtu aliuza ng'ombe. Kauli ya kutendwa inamtaja yule aliyelipa, na ukiiondoa mjomba anapotea kwenye sentensi. Fanny mwenyewe asingekana kwamba *alikombolewa* na ndugu wa mama yake.

#19 Bint_Korogwe

Mwalimu wa Kiswahili umeniliza, na mimi nilisomeshwa na mama mkubwa kwa maandazi.

#20 Mama_Mwinjilisti

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimekuwa nasoma kimya kimya, naomba nichangie maana hili linanihusu. Mimi ni mke wa mchungaji, miaka 19 sasa.

Nilianzisha chekechea ukumbini kwa kanisa, kijiji ambacho shule ya msingi iko mbali, wadogo hawafiki. Mikeka miwili, ubao wa mbao za makreti, uji wa saa nne. Tulianza na watoto 11, tukafika 43. Wazazi walileta mahindi, wengine kuni. Mwaka wa tatu mume wangu akahamishwa. Mama mchungaji aliyekuja baada yangu alikuwa mtu wa biashara, si kosa lake, kila mtu na kipawa chake. Chekechea ikafa muhula uleule. Nilikwenda kusalimia mwaka uliofuata, nikakuta ule ubao umetengenezewa kizimba cha kuku.

Kwa hiyo Mzee wa Baraza, nakuheshimu, lakini usiseme tu kwamba mke ni msaidizi. Muulize pia na watoto 43 wasaidizi wao ni nani.

#21 Mzee_wa_Baraza

Marahaba kwa wote. Mama, nimekusoma mara mbili. Mimi ni mzee wa kanisa miaka mingi na nimekaa kwenye vikao vya kupangia wachungaji vituo. Nikiri, sikumbuki hata kikao kimoja tulichouliza mke anafanya kazi gani. Tuliuliza ana watoto wangapi, ili tujue vyumba.

Lakini bado sijajibiwa. Mume wa huyu mama alisema nini? Maana kama aliumia moyoni, mnamsifu mmoja kwa mzigo wa mwingine.

#22 Kidumu_na_Fagio

Swali la haki, mzee.

Levi Coppin hakuwa mume wa kukaa nyuma ya pazia. Alikuja kuhariri jarida kubwa la kanisa lao, AME Church Review, kuanzia 1888, na mwaka 1900 akachaguliwa askofu. Ndoa yao ilidumu miaka 31, mpaka kifo. Hawakujaliwa mtoto. Na kuolewa kulimbadilisha Fanny: alijiunga na kanisa la mumewe, akaingia kwa miguu yote miwili kwenye umoja wa wanawake wa misheni, na 1888 akasafiri hadi London kwenye mkutano mkubwa wa misheni kuwawakilisha. Hata kabla ya ndoa alikuwa na safu yake ya wanawake katika gazeti la kanisa, Christian Recorder, na gazeti lilipoelemewa na madeni alihangaika kuandaa maonyesho ya kuchangisha pesa. Kwa hiyo kanisa halikumkosa. Lilimpata akiwa na kazi yake mkononi.

Sasa la ufundi, kabla sijasahau, maana hili ndilo lililomchosha kuliko yote. Philadelphia ilikuwa mji wa viwanda, na kijana mweusi hakupokelewa popote kujifunza kazi. Fanny alikuwa akiwaambia watu kwenye mikutano kwamba mahali pekee mjini pale mtoto mweusi anapoweza kufundishwa ufundi ni shule ya watoto watukutu au gerezani! Alianza kulipigia kelele jambo hili baada ya maonyesho makubwa ya 1876. Akazunguka makanisani, akakusanya senti kwa senti. Mlango wa idara ya ufundi ukafunguliwa Januari 1889. Miaka 13 ya kupiga hodi. Useremala, uashi, ushonaji viatu, uchapaji, cherehani, mapishi, fani kumi kwa jumla, na waombaji wakawa wengi kuliko nafasi.

#23 Nyundo_Moja

Sasa umeingia kwangu, mimi fundi seremala. Kwa hiyo ni kama Booker T. Washington na shule yake ya ufundi ya weusi, Tuskegee? Au ni kama Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere?

#24 Kidumu_na_Fagio

Alianza kuidai kabla Tuskegee haijafunguliwa, Tuskegee ni 1881. Na tofauti ni kubwa: kwake randa haikuja kufukuza Kigiriki. Seremala upande huu, Kilatini upande ule, Bouchet na maabara yake katikati.

Kuhusu Kujitegemea ya 1967, sote tulilima shamba la shule na tunajua mahindi yaliishia nyumba ya nani, tusifungue hilo jeraha.

Lakini uzi wa Fanny una sehemu chungu. Ile idara ya ufundi aliyoilia, bodi ikaipenda kupita kiasi. Mwaka 1902 Fanny anastaafu baada ya miaka 37, na bodi ikaachana na masomo ya kuandaa watoto kwa vyuo. Bouchet na wenzake wakapoteza kazi. Shule ikahamishiwa Cheyney, nje ya mji. Leo ni chuo kikuu, Cheyney University. Lakini ile shule ya mjini yenye Kigiriki na msumeno chini ya paa moja haikurudi.

#25 Mtu_wa_Ngara

Hii ya 1902 ndio alienda kwa bwanake ama?

#26 Kidumu_na_Fagio

Ndiyo, sasa ndipo anafunga mizigo. Ana miaka 65. Mume askofu kapangiwa Cape Town.

Na Afrika Kusini ilihusiana vipi na kanisa la Philadelphia? Kwa sababu ya barua ya msichana. Miaka ya 1890 kwaya ya Waafrika Kusini ilizunguka Uingereza, kisha Marekani, ikakwama Ohio bila nauli ya kurudi. Mmoja wao, Charlotte Manye, akapata msaada wa kanisa la AME kusoma Wilberforce, Ohio. Akamwandikia dada yake nyumbani kwenye karatasi yenye nembo ya kanisa. Mchungaji Mangena Mokone, aliyekuwa amejitenga na Wamethodisti wa wazungu na kuanzisha Kanisa la Kiethiopia, akaiona ile barua. Akauliza: kumbe kuna kanisa zima la weusi lenye maaskofu weusi? Mwaka 1896 wakaungana. Kwa hiyo Coppin akatumwa.

Fanny alifika mwishoni mwa 1902. Serikali za kikoloni zilikuwa zinaliogopa kanisa hilo kama moto wa nyikani. Hata hivyo walisafiri kwa treni mpaka Bulawayo, akikutana na wanawake wa makanisa na kuwaunda vikundi. Afya ikamwangusha. Akarudi Marekani, miaka ya mwisho hakuwa mtu wa kutoka nyumbani sana. Alifariki Philadelphia, 21 Januari 1913.

Huyo Charlotte naye akaolewa na mchungaji wa AME, Marshall Maxeke, mwaka 1903. Alikuwa ameshapata shahada ya sayansi, 1901, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini. Yeye na mumewe wakajenga shule, Wilberforce Institute, Evaton. Bweni la wasichana la shule hiyo likapewa jina la Fanny Coppin. Na kule Baltimore, mji ambao Fanny hakuhamia kumfuata mume, kipo chuo kikuu chenye jina lake: Coppin State.

#27 Bint_Korogwe

Subiri. Alikataa kuhamia Baltimore, Baltimore ikamwekea chuo? 😭

#28 Mama_Mwinjilisti

Huyo Charlotte ndiye yule wa mapambano ya wanawake kupinga pasi (vibali vya kutembea) Bloemfontein? Hospitali kubwa ya Johannesburg ina jina lake.

#29 Kidumu_na_Fagio

Ndiye mama. Hospitali hiyohiyo.

#30 Mwalimu_wa_Zamu

Narudi kwenye 112 wangu. Leo nilijaribu kitu kimoja, kufuta lile neno la mbumbumbu. Nilijikamata mara nne kabla ya mapumziko. Mara nne! Na mimi najiona mpole. Viboko sijaahidi mtu.

#31 Mzee_wa_Baraza

Mwalimu endelea. Mimi nina kikao Jumamosi ya tarehe 14, tunapokea mchungaji mpya. Nimeandika swali moja kwenye kikaratasi, nipo nalo mfukoni. Mama Mwinjilisti, kama mkewe ni mwalimu, tuna ukumbi.

#32 Mama_Mwinjilisti

Mzee ubarikiwe. Waambieni tu wasiuze ubao.

#33 Kidumu_na_Fagio

Wakuu, nimechelewa kurudi, nilikuwa namsomea mama uzi huu kwa simu. Ana miaka 74, macho hayapo vizuri. Nilimsomea wote pamoja na vituko vyenu. Alimcheka Mwalimu wa Zamu kwa lile la kalamu mpaka akakohoa.

Nilidhani atasema kitu juu ya ile siku ya wazee wa usharika. Hakuigusa. Akaniuliza: "Huyo mama ada aliifuta. Sasa walimu walilipwa na nani?" Nikamwambia mfuko wa wosia na michango ya Waquaker. Akasema, "Haya, hapo sawa."

Akanyamaza kidogo, kisha: "Na mtoto anayegeuza herufi, b anaiandika d, kasemaje? Kitabuni humo ipo?"

Nimemwambia nitatafuta. Mwenye namna ya kuchapa kurasa kwa herufi kubwa hapa mjini anicheki PM.